Neno "Baba" na Watoto wa Mbweni

Katika maneno yote ambayo wamisionari wa Kikristo waliyatumia Unguja katika karne ya 19, hakuna lililokuwa jepesi kutamkika na zito kueleweka kama neno baba. Halikuhitaji kukopwa kwa Waarabu wala kwa Wareno. Kila mtoto wa pwani alikuwa nalo mdomoni kabla hajamaliza kuota meno. Lakini lilipotiwa mwanzoni mwa sala na kuelekezwa kwa Mwenyezi Mungu, liliwafikia wasikilizaji wa namna mbili, na kila namna ikalipokea kwa historia yake. Waislamu wa mji walilisikia kuwa ni kauli inayogusa tauhidi. Watumwa waliokombolewa kutoka majahazini, ambao wengi wao walikuwa watoto, walilisikia kuwa ni jina la kitu walichonyang'anywa. Anayetaka kujua maana ya imani ya Mungu aliye baba mwenye upendo, upande huu wa Bahari ya Hindi, hana budi kuwasikiliza wote wawili.

Mafundisho yenyewe yana asili ya mbali. Katika vitabu vya kale vya Mayahudi, Mungu huitwa baba mara chache tu, na aghalabu kwa mfano au kwa niaba ya taifa zima: kwa nabii Hosea yumo mtoto aliyefundishwa kutembea na kushikwa mikono, kwa Isaya umo udongo mikononi mwa mfinyanzi ambaye pia ni baba, katika Zaburi umo mfano wa baba awahurumiaye wanawe. Yesu wa Nazareti alilichukua neno hilo la nadra akalifanya la kila siku. Katika Agano Jipya, ambalo liliandikwa kwa Kigiriki, neno lake la Kiaramu, abba, limehifadhiwa kama lilivyo mahali patatu: katika Injili ya Marko, katika sala ya usiku wa kukamatwa kwake, na katika nyaraka za Paulo kwa Warumi na kwa Wagalatia. Inaonekana waandishi waliona kwamba sauti yenyewe ya neno ni amana isiyofaa kupotea.

Wataalamu wameshindana kuhusu uzito wa neno hilo. Joachim Jeremias, mwanachuoni wa Kijerumani wa karne ya 20, alisisitiza kwamba abba lilitokana na kauli za watoto wadogo, na kwamba kumwita Mungu hivyo kulikuwa ni ukaribu usio na mfano kwa Mayahudi wa zama zile. Mwaka 1988 James Barr wa Oxford alijibu kwamba watu wazima nao walilitumia neno lile lile kwa baba zao, kwa hiyo si sawa kulifanya kama kigugumizi cha mtoto mchanga. Mswahili anayeusoma mjadala huo huenda akatabasamu, kwani lugha yake imeumaliza zamani. Mtoto wa miaka miwili husema baba, na mzee wa miaka sabini husema baba. Mama humwita mwanawe wa kiume baba kwa kumdekeza, na kijana humwita mzee asiyemjua baba kwa kumheshimu. Mapenzi na adabu vimekaa katika silabi mbili zilezile, na wala hapana anayeona kuwa vinagombana.

Hata hivyo, katika nyaraka za Paulo upole si jambo la kwanza. La kwanza ni sheria. Katika dola ya Roma mtumwa hakuwa na baba mbele ya sheria. Aliyemzaa alijulikana na majirani, lakini mahakama haikumtambua. Mtoto wa mtu huru naye alikuwa chini ya mamlaka makubwa ya babake, ila alikuwa na jina, nyumba na urithi. Kati ya hali hizo mbili palikuwa na njia moja iliyojulikana na kila mtu, nayo ni kumtwaa mtu wa nje na kumfanya mwana, mwenye haki zote za mwana. Paulo aliyatumia maneno hayo ya mahakamani aliposema kuwa aaminiye hakupewa roho ya utumwa ya kumrudisha kwenye hofu, bali amefanywa mwana, na kwa kuwa ni mwana basi ni mrithi. Kumwita Mungu baba, kwa mujibu wa hoja hiyo, ni kudai nasaba. Ni kauli ya mtu anayesimama mbele ya watu na kutaja nyumba aliyotoka.

Wakristo wenyewe walihitaji karne kadhaa kuieleza kauli hiyo isije ikafahamika vibaya. Katika Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, maaskofu walibishana kuhusu namna Mwana anavyotoka kwa Baba, na waliokuwa wengi walishikilia kwamba huko si kuumbwa, wala si kuzaa kwa mwili kama wazaavyo wanadamu. Uislamu, uliokuja karne tatu baadaye, uliufunga mlango huo kabisa. Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Sura fupi inayofundisha hayo huhifadhiwa na kila mtoto wa chuoni, Lamu hadi Kilwa. Ndiyo maana katika tenzi na kasida za Waswahili Mungu huitwa Mola, Rabi, Jalali, Karima na Manani, na msomaji hamkuti akiitwa baba.

Lakini itakuwa dhulma kusema kwamba kwa kulikataa jina, Uislamu ulilikataa na pendo. Neno rehema, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu na ambalo dini zote mbili hulitumia, lina shina moja na neno la Kiarabu lenye maana ya tumbo la uzazi. Iko hadithi sahihi iliyopokewa kutoka kwa Omar bin Khattab, ya mwanamke aliyekuwa miongoni mwa mateka akihangaika kumtafuta mwanawe. Kila mtoto aliyemwona alimkumbatia na kumnyonyesha. Mtume akawauliza masahaba kama mama yule angeweza kumtupa mwanawe motoni. Walipojibu kuwa hawezi, akawaambia kwamba Mungu ni mwenye huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama yule kwa mwanawe. Na kiko kisa cha Zayd bin Haritha, aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaachwa huru na Mtume na kuitwa mwanawe, hadi iliposhuka aya ya kuamuru watu waitwe kwa baba zao waliowazaa. Wale ambao baba zao hawajulikani, aya ile iliwafanya kuwa ndugu katika dini. Kwa hiyo dini zote mbili zilimkuta mtoto aliyeibwa, na kila moja ilikuwa na jibu. Uislamu ulimpa ndugu. Ukristo ulisema anaye Baba. Majibu hayo mawili yalikutana Unguja, na watoto waliyasikia yote mawili.

Mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hii, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan. Mwaka uleule alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi wa Julai mkewe, Rosine, alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Aliyeanza kuwafundisha watu wa pwani kumwita Mungu baba alikuwa mwenyewe baba aliyefiwa, na Kiswahili cha Kikristo kimeanza karibu na kaburi lile.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1864, Askofu William Tozer na Padri Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa herufi UMCA waliingia Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano, waliokamatwa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwao na Sultan Majid. Kutoka kwa watano hao ilikua skuli ya Kiungani ya wavulana. Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871, na baadaye likawa kijiji cha waliokombolewa pamoja na skuli ya wasichana, ambayo Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia mwaka 1877. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na waliotolewa humo wakagawiwa kwa misheni. Watu wa mji waliwaita mateka. Hawakuwa tena watumwa, lakini jina hilo halikuwapa kabila wala mtaa.

Ili kuelewa sala ya Baba Yetu ilivyosikika kwao, yafaa kukumbuka mtumwa alikuwa nani katika mji wa nasaba. Mwungwana alitajwa kwa bin au binti, na nyuma ya jina la babake likasimama la babu, na nyuma yake la ukoo. Mtumwa alitajwa kwa jina la mwenyewe wake. Majina waliyopewa, kama Mabruki, Baraka, Faraji au Bahati, yalitaja kheri ya bwana kwa kupata mali, na yalinyamaza kuhusu mahali walikotoka. Orlando Patterson, mwanasosholojia wa utumwa mzaliwa wa Jamaika, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1982 kwamba kukatwa na nasaba ni miongoni mwa sifa kuu za utumwa popote ulipokuwa. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, kilichokusanya masimulizi ya wavulana wa skuli ile, wakieleza wenyewe walikozaliwa, walivyotekwa na walivyofika pwani. Watoto hao hawakuwa wamesahau. Walijua kuwa walikuwa na baba, na walijua kuwa baba huyo hakuweza kuwalinda.

Hapa ndipo mafundisho yalipokutana na mtihani wake. Mfano unaopendwa zaidi katika mahubiri ya Kikristo kuhusu upendo wa Mungu ni ule wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka: kijana aliyeomba urithi, akautapanya nchi ya mbali, akarudi akiwa tayari kufanywa kibarua, na babake akamkimbilia kabla hajamaliza maneno yake. Mtoto wa Mbweni hakuondoka kwao kwa hiari, hakutapanya mali ya mtu, na hakuwa na njia ya kurudi. Kisa kilicholingana na maisha yake ni cha Yusuf, aliyeuzwa kwa wasafiri, akafanywa mtumwa katika nchi ngeni, huku babake akilia hadi macho yake yakafifia. Kisa hicho Waislamu na Wakristo wanacho pamoja, na ndani yake baba mwenye upendo hana uwezo wowote ila kulia na kungoja. Ukristo ulisema pia kwamba Baba wa mbinguni alimwona Mwanawe akikamatwa, akipigwa na kuuawa. Kwa watu waliosimama juu ya ardhi ya Mkunazini, Mungu anayejua uchungu wa kumpoteza mtoto huenda alifahamika upesi kuliko mfalme wa viti vya enzi.

Kazi ya kuyatia hayo katika Kiswahili ilimwangukia zaidi Steere, ambaye mwaka 1870 alikuwa ameshatoa kitabu cha sarufi na kingine cha ngano za Unguja, na mwaka 1874 akawa askofu. Hakuifanya peke yake. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, mwanachuoni mkubwa aliyejadiliana na wamisionari kuhusu dini huku akijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu. Ushirikiano huo unaeleweka. Zaburi humfananisha Mungu na baba mwenye huruma, na mfano haumzuii Mwislamu, kama vile mama wa hadithi ya Omar asivyomzuia. Penye Injili, mfano hugeuka jina, na hapo kadhi na askofu wakaachana kwa heshima. Mjadala wao haukuwa kati ya Mungu mwenye upendo na asiye nao, bali ulihusu kama upendo huo waweza kuitwa kwa jina la nyumbani.

Lugha nayo iliwawekea wafasiri mtego wake. Katika Kiswahili mtume na mtumwa ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Mmoja hutumwa na Mungu kwa watu, wa pili hutumwa na mtu kama chombo. Paulo hujiita yote mawili, na mfasiri hakuweza kulikwepa neno mtumwa bila kuipotosha hoja. Hivyo, katika Biblia ya Kiswahili, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1891, neno lililokuwa likitumika sokoni na mashambani liliingia ndani ya kanisa, likawekwa kando ya neno mwana. Mkulima wa Mbweni hakuhitaji mwalimu wa kumweleza tofauti. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Unguja na Pemba, na ulibaki hivyo hadi tarehe 6 Aprili 1897.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu wa Mbweni waliotaka kurudi bara, upande wa Ziwa Nyasa. Hawakufika makwao. Walipofika Masasi wakapenda mahali, wakajenga. Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni waliivamia Masasi, na baadhi ya waliokombolewa wakatekwa tena. Katika mwaka huohuo Steere alifariki Unguja, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Tukio la Masasi linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa imani ya Mungu aliye baba ilikuwa faraja rahisi. Waliosali Baba Yetu asubuhi waliweza kufungwa kamba jioni, kama walivyofungwa walipokuwa watoto.

Na palikuwa na hatari nyingine, iliyotoka ndani. Aliyefundisha kuwa Mungu ni baba alikuwa mwepesi wa kukikalia mwenyewe kiti cha baba. Misheni iliwalisha waliokombolewa, ikawapa ardhi, ikawahimiza vijana wa Kiungani kuoa wasichana wa Mbweni, ikatunga kanuni na kutoa adhabu. Huko Freretown, kijiji cha waliokombolewa kilichoanzishwa na misheni nyingine karibu na Mombasa mwaka 1875, malalamiko kuhusu watu kuchapwa viboko yalifika hadi London mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mtu aliyetoka kwa bwana alijikuta kwa baba asiyemruhusu kukua. Paulo alikuwa ameliona hilo pia: alieleza kwamba mrithi, maadamu ni mtoto chini ya walezi, hana tofauti na mtumwa, ijapokuwa mali yote ni yake.

Katika mwaka 1890, Kanisa la Mkunazini lilishuhudia jambo lililoijibu hatari hiyo kwa kiasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kusomeshwa Kiungani, aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo. Tangu hapo aliitwa padri, na padri ni neno la Kireno lenye maana ya baba. Aliyekosa wa kumwita baba akawa ndiye aitwaye baba na wengine, Wazungu wakiwemo walipopiga magoti mbele ya altare yake.

Lugha ya ulezi haikuishia misheni. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, hati ya Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1919 iliyazungumzia makoloni yaliyotwaliwa, Tanganyika ikiwa mojawapo, kama makazi ya watu wasioweza bado kusimama peke yao, wanaohitaji walezi. Mwaka uliofuata, 1920, Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alichapisha kijitabu cha kupinga kazi za kulazimishwa katika Afrika Mashariki, akiwaonyesha Waingereza kuwa waliokomesha utumwa wa mtu wameanzisha utumwa wa serikali. Askofu huyo alikuwa ameliamini neno baba kwa dhati kiasi cha kutambua linapotumiwa kama kifuniko. Mlezi anayenufaika na jasho la anayemlea hana haki ya jina hilo.

Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa na kupelekwa Freretown, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kidogo cha Kiswahili kilichosomwa sana Afrika Mashariki. Wahakiki wa baadaye wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Ila liko jambo ndani ya kuandikwa kwake ambalo lawama haiwezi kuliondoa. Mwana ameisimulia habari ya babake. Hilo mtumwa hakuwa nalo: mtoto wa kumrithi, wa kubeba jina lake, na wa kuitaja safari yake mbele ya watu.

Huenda ushahidi wa mafundisho haya usitafutwe katika mahubiri wala katika mijadala ya kadhi na askofu, ingawa yote yana thamani. Utafutwe katika nyumba za udongo na makuti za Mbweni, baada ya mwaka 1873, ambamo waliokombolewa walioana wakazaa. Kizazi cha kwanza kilijifunza neno baba kanisani, kikielekeza macho juu, kwa kuwa duniani hapakuwa na wa kumwelekea. Kizazi cha pili kilijifunza neno hilo mlangoni, jioni, kwa mtu arudiye shambani na jembe begani. Mtu huyo alikuwa na jina, na mwanawe aliitwa kwa jina lake, na hapakuwa tena na soko Mkunazini la kumpeleka yeyote kati yao.